Karani Aliyepiga Tiki Kabla ya Kazi

Mume wangu huongea na kompyuta kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata. Akiwa mezani kwake utamsikia, "Haya, tafadhali, jaribu tena." Mimi nikichelewesha chai dakika tano, naulizwa kama nimeyafuata majani shambani. Tuna miaka kumi na moja ya ndoa, na bado sijamwona akiinunia kompyuta.

Mtaani wanamwita Injinia. Kwa jina hilo wanamletea pasi zilizoungua, redio zilizokufa, na mara moja blenda ya jirani, ati kwa kuwa vyote vinatumia umeme. Hajui kutengeneza hata kimoja. Huvipokea kwa aibu, huvifungua, huvirudishia, na skrubu mbili hubaki mkononi. Nimemwambia mara ngapi aseme tu kwamba hajui! Lakini neno "sijui" likimfika kooni linageuka na kuwa "niachie nikaangalie." Chini ya kitanda chetu kuna pasi sita zinazosubiri kuangaliwa.

Kazi yake ya kweli ilinichukua muda kuielewa, na niliielewa kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Ameajiriwa katika ghala kuu la dawa, ghorofa ya pili, chumba chenye feni moja na waya nyingi sakafuni. Ghala hilo linahudumia zahanati mia nne na kitu, na kila zahanati ina friji ya chanjo. Chanjo haitaki joto, na barafu nayo haiitaki, inadeka. Basi kila friji imefungwa kidude chenye laini ya simu, na kidude hicho kinatuma kipimo cha joto kila dakika, usiku na mchana.

Vipimo hivyo vinaenda wapi? Ndani ya kompyuta, mume wangu ameweka makarani. Si watu, ni vipande vya programu, lakini huwasifia na kuwalalamikia kama anavyofanya kwa ndugu zake. Kila friji ina karani wake, na kila karani ana sanduku lake la barua. Barua zikija zinapanga foleni. Karani anafungua moja, anaimaliza, ndipo anafungua nyingine. Hachungulii daftari la mwenzake. Akitaka neno na mwenzake, anamwandikia barua, basi. Na karani akizimia, yuko msimamizi ambaye kazi yake ni kumtoa na kumweka mpya palepale, friji isikae bila mtu.

"Lakini hicho ni chumba changu cha kushonea!" nilimwambia siku aliponieleza. Pale kwangu tuko wanawake wanne, kila mmoja na kapu lake. Anayeshona mikono hagusi kapu la anayeshona kola. Akitaka kitu anaandika kikaratasi na kukitumbukiza. Mume wangu alifurahi mpaka akanibusu mbele ya wateja. Siku hiyo nilimpenda sana, sitaficha.

Upande wa pili wa mfumo huo ni wa mwenzake ofisini, mama mmoja wa sauti ya chini na mikoba mikubwa, ambaye mimi humwita Mama Mafungu. Yeye hana haja na barua moja moja. Anangoja vipimo vijae, mlima mzima, kisha anaugawa mlima kwa kompyuta ishirini. Kila kompyuta inachambua fungu lake, majibu yanakusanywa, na hapo ndipo inajulikana kwamba friji hii ni nzima na ile inakufa polepole tangu juzi. Karani peke yake hawezi kujua hayo, maana anaijua friji yake tu. Mama Mafungu anazijua zote, ila huchelewa. Wakubwa wakaamua pande mbili ziunganishwe: makarani wapokee vipimo, mafungu yatoe hukumu, na hukumu irudi kwa karani wa friji husika ampigie nesi simu.

Kuunganisha ni neno la wakubwa. Sisi wengine tuliona vita. Mume wangu akilalamika kwamba mafungu yanachelewa, alisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mama Mafungu, bila hata kuinua macho, alimjibu, "Haraka haraka haina baraka." Mwaka mzima walijibizana hivyo. Siku moja niliwapelekea chakula nikakuta methali hizo mbili zimeandikwa ubaoni, kila mmoja na mwandiko wake, na katikati wamechora mishale na visanduku. Niliuliza kama hapo ni ofisini au darasa la tatu. Hakuna aliyecheka, walikuwa wanafikiri.

Hatimaye mfumo ukafanya kazi. Friji ya kwanza iliyookolewa ilikuwa ya zahanati ya mbali huko. Nesi alipigiwa simu, akakimbia, akakuta mlango wa friji umeachwa wazi kidogo, akaufunga. Mkurugenzi wa ghala alikuja na keki. Tangu siku hiyo mume wangu akawa anatembea kifua mbele, na wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikujua wakati ule kwamba maji yalikuwa yameshatiwa.

Sasa niwaambie kuhusu dada yangu. Dada yangu mkubwa ni nesi, miaka ishirini na miwili katika zahanati ileile. Watoto aliowachoma sindano wanamletea watoto wao awachome. Kabla ya vidude kuja, alikuwa na daftari limefungwa kamba kwenye mpini wa friji, na kila asubuhi na jioni aliandika joto kwa mkono wake. Jumamosi jioni alipita kuangalia, Jumapili alipita tena, akiwa na nguo zake za kutokea. Kidude cha kwanza kabisa kilifungwa kwenye friji yake, kwa sababu mume wangu alitaka mtu wa kumwamini. Dada akaambiwa aachane na daftari na apumzike mwisho wa wiki; kukiwa na tatizo, simu itamwita.

"Shemeji," alimwambia mume wangu siku ile, "huyo karani wako anakwenda kunywa chai saa ngapi?"

"Karani wangu hanywi chai, shemeji. Halali, na hasahau."

"Basi ungemuoa yeye, ukamwacha mdogo wangu apumzike."

Ndivyo walivyo hao wawili, utani tangu siku ya posa. Dada hajawahi kukubali kwamba kukaa mbele ya kompyuta ni kazi, na mume wangu hajawahi kukubali kwamba dada ana macho mazuri kuliko mashine. Lakini dada akija kwetu, mume wangu ndiye anayempisha kiti chake.

Jumamosi moja dada alikuja kula kwetu mchana. Nilikuwa naingia na kutoka jikoni na sahani. Wao wawili wamekaa, mmoja huku, mmoja kule, meza katikati. Simu ya dada ilikuwa kando ya sahani yake. Mume wangu alikuwa akisimulia hadithi ndefu ya namna alivyokaribia kutengeneza blenda, dada anacheka mpaka anapangusa machozi. Alikaa hadi saa kumi, akabeba bakuli la mboga, akaenda kwake.

Jumatatu asubuhi alifungua friji ya zahanati akakuta vuguvugu. Umeme wa upande ule ulikatika Jumamosi mchana, na uliporudi jioni, swichi ya ukutani ilikuwa imejikata, inataka mkono wa mtu kuiinua. Chanjo za wiki nzima zilikuwa zimeharibika. Nje, kina mama walikuwa wameshapanga foleni na watoto mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri. Dada ndiye aliyetoka kuwaambia warudi nyumbani.

Kufikia mchana ripoti ya mfumo ilikuwa mezani kwa mkurugenzi. Iliandika: tahadhari imetolewa kwa nesi Jumamosi, saa saba na dakika kumi mchana. Imekamilika. Na tiki pembeni.

Dada akasema hakupigiwa. Wakaangalia simu yake, hamna kitu. Wakasema mtu anaweza kufuta. Wakasema wataiandikia kampuni ya simu, lakini majibu huchukua wiki tatu, na kamati ya nidhamu inakaa Ijumaa. Akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Kosa lenyewe linaitwa uzembe uliosababisha hasara ya chanjo, na adhabu yake ni kufukuzwa. Alikuwa amebakiza miaka minne astaafu.

Mume wangu aliporudi jioni nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Saa saba na dakika kumi dada alikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Hapa," alisema.

"Na wewe?"

"Hapa."

"Ulisikia simu ikilia?"

Alikuna kichwa. "Sikusikia. Lakini rekodi inasema imetolewa. Labda ilitetema tu. Labda nilikuwa naongea."

Loo! Mtu amekaa na shemeji yake, macho kwa macho, masikio mawili yote mazima, halafu anakwenda kuiuliza mashine kilichotokea mezani kwake! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Yeye akabaki na lake: rekodi haidanganyi, karani hapigi tiki kama kazi haijafanyika.

Basi nikaamua kumtendea kwa mila za makarani wake. Niliacha kuongea naye. Nilichukua sanduku la vifungo, nikaliweka juu ya meza yake, nikawa namwandikia vikaratasi kwa chaki ya fundi, kimoja kimoja. Cha kwanza: "Chakula kiko jikoni, jipakulie." Akaandika nyuma yake: "Asante." Cha pili: "Mimi sikusikia simu. Wewe hukusikia simu. Mwenye simu hakusikia simu." Hicho alikirudisha sandukuni. Cha tatu: "Basi karani wako alimpigia nani?"

Hicho cha tatu alikishika muda mrefu. Jumanne aliondoka nyumbani kabla ya chai.

Nilidhani anakwenda kutafuta ukweli, na kwa kweli alikwenda. Jumanne jioni alirudi kimya, macho mekundu, akasema kichwa kinauma. Jumatano kichwa bado. Alhamisi bado. Niliona ni uchungu wa shemeji yake, nikalainika, nikavunja mgomo, nikampelekea chai mwenyewe. Aliinywa bila kuniangalia.

Kwa dada nilikwenda siku hizo. Simu yake alikuwa ameizima. Alisema hapendi hata kuiona. Nilimwambia mimi sikuisikia ikilia. Akanijibu, "Wewe ulikuwa jikoni, mdogo wangu." Ndiyo, nilikuwa jikoni.

Alhamisi alasiri Mama Mafungu alikuja dukani kwangu kupima gauni. Alikuwa mnyonge, hata mikono hakuinyanyua vizuri nimpime kwapa. Nilikuwa na pini mdomoni, nimepiga magoti kwenye pindo, ndipo aliposema, "Pole sana kwa dada yako. Nimefurahi kwamba mzee wako amekwambia. Mimi nilishindwa kulala."

Sikujibu, kwa sababu ya pini. Naye akadhani nimenyamaza kwa kuwa ninajua, akaendelea, na yote yakatoka.

Mwanzoni kabisa, pande mbili zilipounganishwa, Mama Mafungu alikuwa akimwaga hukumu kwa mkupuo: mia, mia mbili kwa pamoja. Kompyuta zake zilisubiri kila karani ajibu "kazi imekwisha" ndipo ziendelee na mlima mwingine. Makarani, wale wa barua moja moja, walikuwa wakichelewa. Simu ilie, nesi apokee, karani ndipo ajibu. Upande wa mafungu ukakwama. Wakagombana, methali zikarushwa. Siku tatu kabla ya mkurugenzi kuja kuona majaribio, mume wangu akapata ufumbuzi. Akawaambia makarani wake wapige tiki kwanza, kazi wafanye baadaye.

"Kwa muda tu," alisema Mama Mafungu. "Tulisema ni kwa muda tu. Nami nilikubali."

Ilikwenda vizuri miaka miwili, kwa sababu karani akishapiga tiki alikuwa akiifanya kazi kweli, sekunde chache baadaye. Lakini Jumamosi ile umeme ulikatika kwenye zahanati arobaini kwa wakati mmoja. Mashine ya makarani ikazidiwa, ikaanguka, ikajiwasha upya. Karani wa friji ya dada alikuwa ameshapiga tiki na bado hajapiga simu. Akawekwa karani mpya, sanduku tupu, hajui lolote. Na upande wa mafungu haukurudia hukumu ile, maana daftari lilionyesha imekamilika. Jumanne waliirudia Jumamosi ile kwenye mashine ya majaribio, wakaliona hilo kwa macho yao.

"Jumanne?" nilisema. Pini zilianguka zote.

Hapo ndipo Mama Mafungu alipojua kwamba sikuwa nimeambiwa. Alivaa nguo zake haraka kuliko mtu wa methali yake anavyopaswa.

Nilimsubiri mume wangu sebuleni. Alipoingia aliniona uso, akakaa bila kuambiwa.

"Nilitaka nirekebishe kwanza," alisema. "Nirekebishe, ndipo niseme. Nilihitaji siku chache."

"Dada hana siku chache. Ni kesho."

"Nikisema kesho, watafunga mfumo mzima. Friji mia nne, mke wangu. Watarudi kwenye madaftari ya kamba. Unajua chanjo ngapi zitaharibika kabla hawajaufungua tena? Ni watoto wangapi?"

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na hilo ndilo lililoniuma. Nilijua pia kwamba chini ya hoja hiyo kulikuwa na hoja nyingine, ya keki na kifua mbele. Yeye alijua kwamba najua. Nilimwonea haya. Siku zote nimemcheka mume wangu, lakini kumwonea haya ilikuwa mara ya kwanza, na nawaambia wanawake wenzangu, ni afadhali kununiwa mwaka mzima.

"Kesho wamekuita?" nilimuuliza.

"Ndiyo. Nithibitishe rekodi."

"Basi utathibitisha. Ukimaliza, kama kuna lililobaki, mimi nitalisema. Lakini mimi ni ndugu, wataona ndugu anamtetea ndugu. Kinywa kinachotakiwa ni chako."

Nilimpigia dada, simu imezimwa. Ningeweza kwenda kwake kwa miguu, ni nusu saa tu. Sikwenda. Nilitaka mume wangu aseme mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, nibaki na mume wa kujivunia. Hilo ni kosa langu katika jambo hili, nami nalikiri.

Ijumaa kamati ilikaa katika chumba cha mikutano cha ghala, meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani, chupa ya maji mbele ya kila mtu, ya dada haijafunguliwa. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Mimi niliruhusiwa kukaa ukutani kama shahidi. Dada alivaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi, ingawa alikuwa amesimamishwa, na mkoba wake aliupakata mapajani kwa mikono miwili. Mkurugenzi akasoma rekodi. Kisha mume wangu akaitwa.

Alisimama. Alivuta kiuno cha suruali yake, suruali niliyoishona mimi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alianza, "upande wa mafungu unapotoa hukumu, karani hutoa uthibitisho kabla ya utekelezaji, hivyo sanduku linapopotea..."

"Subiri," alisema mwenyekiti. "Karani gani? Mmeajiri karani wa Jumamosi?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni karani wa ndani ya kompyuta."

"Yuko ndani ya kompyuta?"

"Ndiyo. Alizimia."

Watu walitazamana. Mkurugenzi akafunga macho. Mtu mmoja aliuliza kama karani huyo amepelekwa hospitali. Siku nyingine ningecheka hadi nianguke, lakini nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Nilimwomba Mungu amwondolee mume wangu maneno yake yote makubwa na amwachie mawili matatu tu.

Alikunywa maji. Akaanza upya.

"Rekodi ni ya uongo," alisema. "Tahadhari haikutolewa. Nesi hakupigiwa simu. Mfumo uliandika kwamba umepiga kabla haujapiga, kisha ukaanguka. Mimi ndiye niliyeufundisha kuandika hivyo, miaka miwili iliyopita, ili uonekane una kasi. Nimelijua hili tangu Jumanne, na sikusema."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Tangu Jumanne," alisema.

"Tangu Jumanne, saa tisa alasiri."

Mama Mafungu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisimama bila kuitwa akasema, "Na mimi pia." Kwa sauti ile yake ya chini, lakini wote walisikia.

Yaliyofuata ni mambo ya ofisi. Mashtaka dhidi ya dada yalifutwa hapohapo, arudi kazini Jumatatu. Tahadhari za mfumo zilisimamishwa mpaka karani ajifunze kufanya kazi kabla ya kupiga tiki, na hadi wakati huo zahanati zote zirudie madaftari. Mume wangu alipewa onyo la maandishi na akavuliwa uongozi wa mfumo wake. Alipokea karatasi ile kwa mikono miwili.

Tulitoka kwenye ukumbi mrefu wa nje, sisi watatu. Nilimkumbatia dada, nikalia. Nilimwambia kwamba hata mimi nilijua tangu jana na sikuja kumwambia. Alinipigapiga mgongo. Mume wangu alisimama hatua tatu kutoka kwetu, karatasi mkononi, hajui asogee au akae.

"Shemeji," alisema mwishowe. "Unisamehe."

Dada alifungua mkoba wake akatoa bahasha. Ndani yake kulikuwa na barua ya ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake mzuri wa daftari la friji, na chini sahihi yake na tarehe ya Alhamisi. Alimpa mume wangu. Nami nikaisoma juu ya bega lake. "Nakiri kwamba Jumamosi mchana nilipigiwa simu ya tahadhari, na kwa uzembe wangu sikuipokea, kisha nikasahau."

"Ilikuwa niikabidhi leo, zamu yangu ya kusema ikifika," dada alisema. "Wewe ukatangulia kuitwa."

"Lakini shemeji, hukupigiwa! Kwa nini uandike kitu ambacho hakikutokea?"

"Kilitokea," alisema dada. "Nilikaa siku tatu nikikitafuta kichwani, na siku ya nne nikakipata. Naiona hadi sasa. Wewe unasimulia blenda, simu inawaka, naitazama, naigeuza kifudifudi ili usikatizwe." Akafunga mkoba. "Nilijiambia, labda ni uzee unanidanganya. Lakini shemeji alikuwa amekaa mbele yangu muda wote. Kama simu haikulia, yeye angesema. Na hukusema kitu, nikajua ni kweli."

Mume wangu, mtu wa "niachie nikaangalie", aliigeuza barua nyuma na mbele kama moja ya pasi zake.

"Ichane wewe," dada alimwambia. "Mimi mkono unakataa. Bado nusu yangu inaamini."

Aliichana palepale ukumbini, vipande vidogo vidogo, machozi yakimdondokea mikononi na watu wakipita. Vipande alivitia mfukoni mwa shati, maana hapakuwa na pipa la taka karibu. Dada akamwambia basi, inatosha, akamshika mkono, tukateremka ngazi.